Figo ya Mtoaji Mwenye Hatari: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Bukavu na Familia Yake

Mtoaji mwenye hatari ni mtu ambaye kiungo chake kinaweza kumfaa mgonjwa, lakini kuna jambo katika mwili wake, umri wake au mwenendo wa maisha yake linaloongeza uwezekano wa madhara. Madhara hayo ni ya namna tatu, na kuyachanganya ndiko kunakovuruga mashauri mengi ya familia. Ya kwanza ni ugonjwa wa kuambukiza, au mara chache saratani, kuhama pamoja na kiungo. Ya pili ni kiungo chenyewe kuchoka mapema kwa sababu ya uzee, shinikizo la damu au kisukari. Ya tatu yanamhusu mtoaji aliye hai: kubaki na figo moja isiyomtosha kwa miaka yake iliyobaki.

Katika vitabu vya Marekani na Ulaya, maneno hayo humhusu zaidi marehemu, mtu asiyejulikana ambaye historia yake imesimuliwa na jamaa waliofiwa. Bukavu hali ni nyingine. Hakuna hospitali ya mji huu inayopandikiza figo. Mgonjwa huvuka Ruzizi na kwenda Kigali, ambako Hospitali ya King Faisal ilianza kazi hiyo mwaka 2023, au husafiri hadi Nairobi, Dar es Salaam au India. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017 ikisaidiwa na madaktari kutoka India. Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018, na Mulago ya Kampala Desemba 2023. Karibu kote huko figo hutoka kwa mtu aliye hai, jamaa wa mgonjwa. Hivyo mtoaji mwenye hatari, kwa familia ya Ibanda, Kadutu au Bagira, ni dada, kaka, mama au binamu ambaye kila mtu nyumbani anadhani anamfahamu. Kumfahamu mtu na kujua kilichomo katika damu yake ni mambo mawili.

Kupima hatari mbili, si moja

Hatari ya figo haipimwi peke yake. Hupimwa pamoja na hatari ya kubaki bila figo. Anayeishi kwa dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, huhitaji kwa kawaida vikao vitatu kwa wiki, kila kimoja cha takribani saa nne, na bili yake Bukavu huhesabiwa kwa dola. Familia nyingi hupunguza vikao pesa zinapopungua, na mwili hulipa upungufu huo kwa maji kujaa mapafuni, potasiamu kupanda na moyo kuchoka.

Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliwafuata wagonjwa waliopewa nafasi ya figo kutoka kwa watoaji wenye hatari ya kuambukiza. Kati ya waliokataa, ni 31 tu katika kila 100 waliopata figo nyingine isiyo na alama hiyo baada ya miaka mitano. Waliokubali, baada ya miezi sita ya mwanzo kupita, walikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa karibu nusu. Takwimu hizo ni za nchi yenye orodha ya kungojea na mashine za kutosha. Mahali ambapo mashine ni chache na hakuna orodha ya kungojea figo za marehemu, kukataa mtoaji kwa sababu ya neno "hatari" peke yake, bila kuuliza ni hatari gani na kubwa kiasi gani, kunaweza kuwa uamuzi mbaya kuliko wote.

Lakini kinyume chake pia hutokea, na Bukavu hutokea zaidi: familia yenye haraka humkubali mtoaji wa kwanza aliyenyoosha mkono, na maswali huonekana kama matusi kwa mtu aliyejitolea.

Kipindi cha dirisha

Virusi vinapoingia mwilini havionekani mara moja kwenye vipimo. Muda huo, ambao washauri wa VVU huuita kipindi cha dirisha, ndio mlango ambao maambukizi mengi yanayosikitisha katika upandikizaji yamepitia. Kipimo cha kingamwili peke yake huchelewa takribani wiki tatu kugundua VVU, na hadi siku 70 hivi kugundua homa ya ini ya C. Kipimo cha antijeni ya homa ya ini ya B huchukua wiki tano hadi sita hivi. Kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi vyenyewe hufupisha muda huo: chini ya wiki mbili kwa VVU, wiki moja hivi kwa C, na wiki tatu hivi kwa B. Mashine za GeneXpert, ambazo watu wengi wa Kivu wanazijua kwa kifua kikuu, zinaweza kufanya kazi hiyo pia zikiwa na katriji zinazohusika. Swali la kuuliza kwenye maabara ni kama katriji hizo zipo, na za lini.

Visa vitatu vinaonyesha jinsi mlango huo unavyofunguka. Chicago, mwaka 2007, mtoaji mmoja marehemu aliambukiza VVU na homa ya ini ya C kwa wagonjwa wanne. Kipimo chake cha kingamwili kilikuwa hakijaonyesha kitu. New York, mwaka 2009, mtoaji aliye hai alipimwa siku 79 kabla ya upasuaji, akaonekana salama, hakupimwa tena, na katikati ya siku hizo aliambukizwa VVU kwa njia ya ngono. Mpokeaji wa figo yake aliambukizwa. Rio de Janeiro, mwaka 2024, wagonjwa sita waliambukizwa VVU kutoka kwa watoaji wawili kwa sababu maabara iliyopewa kazi ya kupima ilitoa majibu yasiyo ya kweli. Katika kisa hicho cha tatu virusi havikuwa vimejificha.

Kisa cha New York ndicho kinachofanana zaidi na safari ya mgonjwa wa Bukavu. Vipimo vya mtoaji hufanywa nyumbani mapema ili visaidie kuchagua kati ya ndugu. Kisha miezi hupita katika kutafuta pesa, pasipoti na barua za hospitali. Karatasi ya maabara husafiri ikiwa imekunjwa kwenye bahasha, na kila anayeifungua huona neno "hasi" bila kutazama tarehe. Baada ya kisa hicho, mamlaka ya afya ya Marekani ilishauri mtoaji aliye hai apimwe upya kwa kipimo cha vinasaba ndani ya siku saba kabla ya upasuaji. Familia inaweza kuomba jambo hilo hospitalini bila aibu yoyote, na mtoaji aelezwe tangu siku ya kwanza kwamba mwenendo wake kati ya kipimo cha kwanza na siku ya upasuaji ni sehemu ya tiba.

Maswali yanayoulizwa, na namna ya kuyauliza

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 ulipunguza kipindi cha nyuma ambacho mtoaji huulizwa habari zake kutoka miezi 12 hadi siku 30. Mabadiliko hayo yana maana kubwa. Kinachoulizwa si kama mtu ana maisha "safi" tangu ujana. Anayetafutwa ni aliyeweza kuambukizwa karibuni kiasi kwamba kipimo hakijaweza kumwona. Maswali hugusa ngono na mtu mwenye VVU au homa ya ini, ngono ya kulipwa, kudungwa dawa za kulevya na kulala gerezani zaidi ya siku tatu. Kwa Kivu daktari mwangalifu huongeza mengine: sindano zilizochomwa nje ya kituo cha afya, chale za mganga kwa wembe ulioshirikiwa, na kuongezewa damu kwa dharura.

Kuna swali moja ambalo katika mji huu halipaswi kuulizwa mbele ya watu. Hospitali ya Panzi imewatibu walionusurika ubakaji tangu mwaka 1999, na hakuna mtaa wa Bukavu usio na familia iliyoguswa. Mwanamke aliyebakwa wiki mbili kabla ya vipimo anaangukia ndani ya siku 30, na anaweza kuwa ndiye ndugu pekee anayelingana na mgonjwa. Akiulizwa mbele ya mume, shemeji au mchungaji, atasema hapana. Hivyo mahojiano ya mtoaji hufanyika faraghani, yeye na daktari au muuguzi tu, na aliyebakwa karibuni hupewa kwanza matibabu yake mwenyewe, ikiwemo, kama saa 72 hazijapita, dawa za kuzuia VVU. Suala la figo husubiri. Aliyebakwa miaka mingi iliyopita, na vipimo vyake ni hasi, hana hatari ya ziada kwa sababu hiyo, na hakuna anayelazimika kumfanya asimulie upya.

VVU, homa ya ini ya B na ya C

Kwa miaka mingi mtoaji mwenye VVU alikataliwa pasipo mjadala. Mwaka 2008, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, daktari mpasuaji Elmi Muller alianza kupandikiza figo za marehemu waliokuwa na VVU kwa wagonjwa ambao nao walikuwa na VVU. Matokeo ya wagonjwa 27 wa kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kuwa 84 katika kila 100 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja na 74 baada ya miaka mitano. Marekani ilibadili sheria yake mwaka 2013. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 198 wenye VVU, nusu wakiwa wamepokea figo za watoaji wenye VVU na nusu za watoaji wasio nayo; baada ya miaka mitatu idadi ya waliokuwa hai ilikaribiana, 85 na 87 katika kila 100. Mjini Johannesburg, mwaka 2017, mama mwenye VVU alimpa mtoto wake asiye na VVU sehemu ya ini, kwa sababu mtoto angekufa bila hilo.

Mambo hayo hayana maana kwamba kila hospitali itakubali. Maana yake ni kwamba mgonjwa anayeishi na VVU, mwenye virusi vilivyodhibitiwa na dawa, anaweza kuuliza swali hilo. Bukavu, ambako watu wengi bado husema "sida" kwa sauti ya chini, kuna wagonjwa wa figo wasiouliza hata kama wao wenyewe wanaruhusiwa kupandikizwa. Wanaruhusiwa katika vituo vingi. Jambo la kuangaliwa ni mgongano wa dawa: dawa za VVU zenye ritonavir hupandisha sana takrolimasi, dawa kuu ya kuzuia mwili usiikatae figo, ilhali dolutegravir, ambayo sasa imo katika kidonge cha kawaida cha kila siku, haina mgongano huo. Tenofovir iliyomo katika kidonge hicho hicho huhitaji uangalizi, maana inaweza kuumiza figo mpya.

Homa ya ini ya B ndiyo itakayokutwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa Kongo ni nchi ambamo virusi hivyo vimeenea na wengi huvipata utotoni. Hapa majibu ya maabara husomwa kwa makini. Mtoaji mwenye antijeni ya uso wa virusi (ile ambayo kadi ya kawaida ya maabara huipima) ana virusi sasa hivi. Mtoaji asiye na antijeni hiyo lakini mwenye kingamwili za kiini amewahi kuambukizwa na amepona, ingawa chembe za virusi hubaki zimelala ndani ya ini lake. Ini la mtu huyo wa pili, likipandikizwa bila dawa ya kinga, humwambukiza mpokeaji mara nyingi. Figo yake humwambukiza mara chache sana, hasa mpokeaji akiwa amechanjwa na kingamwili zake zikiwa juu ya uniti 10 kwa lita. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya familia, hata kabla ya kumtafuta mtoaji, ni kumchanja mgonjwa. Mgonjwa wa dayalisisi huhitaji dozi kubwa kuliko ya kawaida, na chanjo ikicheleweshwa mpaka baada ya upasuaji, mwili uliotulizwa na dawa hauitikii vizuri.

Homa ya ini ya C imepoteza sehemu kubwa ya utisho wake. Dawa mpya za kumeza huiponya kwa wiki 8 hadi 12. Philadelphia, mwaka 2017, watafiti waliripoti kwamba wagonjwa kumi wasio na virusi walipewa figo za watoaji wenye virusi vya C kwa kukusudia, wakatibiwa, na wote kumi wakapona. Kwa mtoaji aliye hai njia ni nyepesi zaidi: atibiwe kwanza, apimwe tena, ndipo atoe. Rwanda imeendesha tangu mwaka 2018 mpango wa taifa wa kuitokomeza homa hiyo, na matibabu yake upande wa pili wa Ruzizi yanajulikana vizuri.

Magonjwa ya Kivu

Vitabu vya ng'ambo huwa na sura fupi kuhusu magonjwa ya "nchi za joto". Kwa msomaji wa Bukavu sura hiyo ndiyo kubwa. Kifua kikuu kilicholala ndani ya mtoaji au mpokeaji huamka dawa za kutuliza kinga zinapoanza. Hutafutwa kwa picha ya kifua na kipimo cha ngozi au damu, na hutibiwa mapema. Mtoaji aliyekulia Uvira na kuoga katika Ziwa Tanganyika huchunguzwa kichocho na hupewa praziquantel. Minyoo ya strongiloidi, ambayo mtu anaweza kuwa nayo miaka thelathini bila dalili, humwua mpokeaji ikipata nafasi, na huondolewa kwa ivermektini, dawa rahisi inayopatikana. Aliyetoka uwanda wa Ruzizi karibuni huchunguzwa malaria siku chache kabla ya upasuaji, kwa kuwa huko chini, tofauti na vilima vya Bukavu vyenye mwinuko wa karibu mita 1,500, mbu hawapumziki.

Mahali mtu alipokuwa na wakati alipokuwapo ni swali lenye uzito sawa na maswali ya ngono. Ebola iliyoanza Kivu ya Kaskazini mwaka 2018 ilifika Mwenga Agosti 2019. Aliyenusurika ugonjwa huo aseme wazi, kwa sababu virusi vyake vinaweza kubaki muda mrefu katika sehemu zilizofichika za mwili kama jicho na korodani. Mpox ya aina mpya iligunduliwa Kamituga kuanzia Septemba 2023, na Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Mtoaji mwenye vipele, au aliyemuuguza mwenye vipele, huahirishwa. Na kuna kichaa cha mbwa. Mwaka 2004, Texas, mtoaji mmoja aliyekuwa ameumwa na popo aliwaua kwa kichaa hicho wagonjwa wanne waliopokea viungo vyake au mshipa wake, na habari ya kuumwa huko ilijulikana baadaye tu. Swali la kuumwa na mnyama huchukua sekunde tano.

Figo iliyochoka

Mwaka 2002 Marekani iliweka kundi la figo za marehemu zilizokubalika kwa vigezo vilivyolegezwa: mtoaji mwenye miaka 60 na zaidi, au mwenye miaka 50 hadi 59 na mawili kati ya haya: shinikizo la damu, kreatinini (taka ambayo figo huiondoa katika damu) iliyopanda juu ya 1.5, au kifo cha kiharusi. Figo hizo zilikuwa na uwezekano wa kufa zaidi kwa asilimia 70 kuliko za kawaida. Hata hivyo zilipandikizwa, na wagonjwa wazee hasa walinufaika nazo.

Kwa mtoaji aliye hai hesabu hubadilika, kwa kuwa anachunguzwa kwa wiki nyingi na figo haikai kwenye barafu kwa saa nyingi. Mama mwenye miaka 60, mwembamba, asiye na kisukari na mwenye shinikizo la kawaida, anaweza kuwa mtoaji bora kuliko kijana wa miaka 28 mnene mwenye tansio asiyoijua. Kreatinini peke yake haitoshi kuamua; kinachotakiwa ni kasi ya uchujaji. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2017 hukubali kasi ya 90 na zaidi, hukataa iliyo chini ya 60, na kati ya hizo huachia uamuzi kwa mtu na mtu.

Mtoaji anayebaki na figo moja

Kuna fumbo katika utoaji wa kifamilia. Ndugu wa damu ndiye anayelingana vizuri zaidi na mgonjwa, na ndiye pia anayeweza kuwa amerithi ugonjwa ule ule. Kama figo za mgonjwa zilikufa kwa sababu ambayo hakuna aliyewahi kuitaja kwa uhakika, na Bukavu hilo ni la kawaida, basi kumchukulia kaka yake kuwa mzima kwa sababu tu hana dalili ni kubahatisha.

Mfano mmoja umetoka katika historia ya bara hili lenyewe. Mwaka 2010 wanasayansi waligundua aina mbili za jini liitwalo APOL1, zinazopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Zilienea kwa sababu zilisaidia kupambana na vimelea vya malale. Mwenye nakala moja amepata ngao. Mwenye nakala mbili ana uwezekano mkubwa zaidi wa figo kuharibika. Kipimo chake hufanywa kwa damu au mate, na sampuli inaweza kutumwa kwenye maabara ya mbali. Kijana mwenye nakala mbili ambaye ndugu yake tayari yuko kwenye mashine hashauriwi kutoa. Wenye chembe AS nao huchunguzwa kwa uangalifu zaidi, maana kubeba jini moja la selimundu pia huelemea figo kadiri miaka inavyopita.

Ukubwa wa hatari unajulikana. Uwezekano wa kufa kutokana na upasuaji wenyewe ni kama watu 3 katika 10,000. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika miaka 15 baada ya kutoa, kati ya watoaji 10,000 wenye asili ya Afrika, karibu 75 figo yao iliyobaki ilikufa, ikilinganishwa na 24 kati ya watu wa asili hiyo hiyo wenye afya sawa wasiotoa. Bado ni chini ya mtu mmoja katika mia, lakini huyo mmoja wa Marekani ana mashine inayomngoja, na wa Bukavu anaanza safari ile ile aliyoianza ndugu yake.

Duniani kote wanawake hutoa figo zaidi kuliko wanaume, na Kivu haina sababu ya kuwa tofauti: kaka "anatafuta pesa", dada "yuko nyumbani". Kwa dada ambaye bado atazaa kuna jambo la kuelezwa kabla hajatia sahihi. Uchunguzi wa Kanada uliochapishwa mwaka 2015 uliona shinikizo la damu la ujauzito au kifafa cha mimba kwa 11 katika kila 100 ya wanawake waliokuwa wametoa figo, dhidi ya 5 kwa wasiotoa. Akitoa, mimba zake zifuatiliwe hospitalini tangu mwezi wa kwanza, wala asizalie nyumbani kijijini Walungu au Kabare.

Karatasi, pesa na siri

India, ambako wengi hupelekwa, ina sheria ya viungo ya mwaka 1994 iliyorekebishwa mwaka 2011. Mgeni huja na mtoaji wake mwenyewe, na ubalozi wa nchi yao huthibitisha kwa barua kwamba wana undugu. Hapo ndipo familia za Bukavu hukwama, kwa kuwa watoto wengi hawakuandikishwa walipozaliwa. Hukumu ya mahakama inayosimama badala ya cheti cha kuzaliwa hushughulikiwa mapema, kwa mgonjwa na kwa mtoaji, na majina yaandikwe kwa herufi zile zile zilizo kwenye pasipoti. Herufi moja iliyokosewa imewahi kuwarudisha watu wengi.

Njia ya mkato ni kununua. Kuuza figo kumepigwa marufuku karibu kila nchi, na Azimio la Istanbul la mwaka 2008 liliwaunganisha madaktari wa dunia dhidi ya biashara hiyo. Aprili 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya binafsi mjini Eldoret kufuatia madai ya figo kununuliwa kutoka kwa vijana. Tukiacha sheria kando, muuzaji ndiye mtoaji mwenye hatari kuliko wote waliotajwa hapa, kwa sababu ndiye pekee anayepoteza pesa akisema ukweli. Hatasema kwamba alilala gerezani, wala kwamba anakojoa damu.

Siri ya mtoaji halali nayo ina ulinzi. Kongo ina sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inayolinda haki za wanaoishi na VVU, na majibu ya kipimo ni mali ya aliyepimwa. Hospitali zenye uzoefu humruhusu mtoaji kujiondoa hadi dakika ya mwisho, na daktari huiambia familia tu kwamba hafai kiafya. Hakuna maelezo yanayofuata, na baraza la familia halina haki ya kuyadai. Vipimo vya kulinganisha damu vinaweza pia kufichua kwamba baba si baba wa damu. Ni busara mtoaji aulizwe kabla ya sampuli kuchukuliwa kama angependa kuambiwa jambo la namna hiyo.

Baada ya kurudi Bukavu

Mpokeaji hupimwa VVU, B na C kabla ya upasuaji, ili ijulikane alikuwaje, kisha hupimwa tena kwa kipimo cha vinasaba kati ya wiki ya nne na ya sita. Kipimo cha kingamwili hakitoshi wakati huo, kwa kuwa dawa za kutuliza kinga huzuia mwili kutengeneza kingamwili hizo. Aliyepokea ini hupimwa B mara nyingine baada ya miezi 11 hadi 13.

Homa yoyote katika miezi sita ya kwanza haitibiwi kwa kubahatisha kwenye duka la dawa. Kifua kikuu kikigunduliwa, daktari wa Bukavu na wa Kigali wazungumze kabla ya kidonge cha kwanza: rifampisini hushusha takrolimasi kiasi kwamba figo inaweza kukataliwa ndani ya wiki chache, na dozi hubadilishwa au rifabutini hutumika badala yake. Mtoaji naye hupimwa shinikizo, mkojo na kreatinini baada ya miezi sita, mwaka mmoja na miaka miwili, kisha kila mwaka, na huacha kabisa diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa sokoni kwa maumivu ya mgongo. Nakala ya majibu ya mtoaji, yenye tarehe na aina ya kila kipimo, hubaki katika faili la mpokeaji bila jina, ili daktari atakayemwona usiku na homa ya nyuzi 39 ajue pa kuanzia kutafuta.